Usimuuze pafa kibete kabla hujamuuliza mteja maswali haya

Leo nasema kitu ambacho najua baadhi ya wenzangu tunaouza samaki wa mapambo hawatakipenda. Yule samaki anayeitwa pafa kibete, wengine wanamwita pafa njegere, asiuzwe kama tunavyouza gapi. Asipostiwe na maneno ya "samaki mzuri wa kuchanganya, bei poa, karibu inboksi". Mteja akija, muulize maswali kwanza. Majibu yakiwa hayaeleweki, usimuuzie siku hiyo. Mwambie ukweli, mpe samaki mwingine.

Kama wewe unauza viatu au vipodozi usiondoke. Hoja hii inamhusu kila anayeuza mtandaoni kitu ambacho mteja anakipenda kwa macho kabla hajakijua.

Mimi nina duka dogo la samaki wa mapambo na vifaa vyake. Shule nimeishia kidato cha nne, haya mengine nimejifunza kwa kusoma, kuuliza waliotangulia na kukaa mbele ya tenki nikiangalia. Kwa hiyo nitaongea kama muuzaji mwenzenu.

TUMJUE KWANZA

Pafa ni jamii ya bunju. Watu wa Pwani wanamjua bunju wa baharini, yule akitishwa anavimba kama mpira, na wazee wanakuonya usimle. Wanaonya kwa sababu ya msingi. Jamii hii inajulikana kwa sumu inayoitwa tetrodotoksini, haiishi kwa kupikwa wala haina dawa ya kuiondoa mwilini. Sumu hiyo inamdhuru mtu anayekula samaki, kwa hiyo wa kwenye tenki hakudhuru kwa kumwangalia. Ila mteja mwenye watoto wadogo au paka ndani mwambie tu: huyu haliwi, na akifa anafukiwa.

Pafa kibete ni ndugu wa bunju anayeishi maji baridi, yaani yasiyo na chumvi. Kwao ni India ya kusini, kwenye mito ya Kerala, ukiwemo mto Pamba. Jina lake la kitaalamu ni Carinotetraodon travancoricus, na wataalamu walimwandika kwa mara ya kwanza mwaka 1941. Akishakuwa mkubwa ana kama sentimita 2.5, akizidi sana 3.5. Ni mmoja wa bunju wadogo kabisa duniani. Rangi yake ni ya kijani na njano yenye madoa meusi, tumbo jeupe.

Kinachowachanganya wateja ni macho. Kila jicho linazunguka kivyake, na samaki anakufuata kwa macho ukipita mbele ya kioo. Anasimama majini kama helikopta, anageuka, anakuchungulia. Akizoea kwamba wewe ndiye unayeleta chakula, anakuja mbele kukusubiri. Ukimpiga video ya sekunde kumi na tano, inboksi inajaa. Hapo ndipo tatizo linapoanza, kwa sababu video haionyeshi tabia yake.

TABIA YAKE

Huyu ni mwindaji. Mdomoni ana meno manne yaliyoungana kama mdomo wa kasuku, kazi yake kuvunja maganda ya konokono. Akiwekwa na samaki wenye mikia mirefu au wanaoogelea polepole, kama gapi, beta au goldifishi, anawatafuna mapezi na mikia. Uduvi wadogo wa kwenye tenki anawala. Mteja anaamka asubuhi anakuta gapi wake hawana mikia, siku mbili mbele wameshaanza kuota ukungu kwenye vidonda, halafu wanakufa mmoja mmoja.

Na wao kwa wao hawapatani kirahisi. Dume anashika eneo lake na kumfukuza dume mwenzake mpaka amchoshe. Kwenye tenki dogo lisilo na majani, anayefukuzwa hana pa kukimbilia. Ndiyo maana mtu anakwambia "nilinunua wawili, kabaki mmoja".

Mimi simuiti samaki mbaya. Anafanya alichoumbiwa. Kwangu mwenye kosa ni muuzaji aliyemwita "wa kuchanganya" huku anajua.

"MTEJA NI MTU MZIMA, ATAJIJUA"

Hii ndiyo hoja ninayoisikia sana kwa wauzaji wenzangu. Kwamba kazi yetu ni kuuza, mteja ana simu, atafute mwenyewe taarifa. Naielewa. Kodi ya fremu haisubiri, na mzigo wa samaki ni mzigo unaokufa, kila siku inayopita unakula hela. Lakini tupige hesabu, ya mfano tu, weka namba zako.

Tuseme pafa unampata kwa 12,000 unamuuza 20,000. Faida 8,000. Mteja ana tenki nyumbani lenye gapi kumi aliowanunua 3,000 kila mmoja. Umemuuzia pafa, ndani ya wiki mbili gapi wameisha. Kapoteza 30,000, ukijumlisha na pafa mwenyewe 50,000. Atafanya nini? Wachache watakudai urudishe hela. Wengi watanyamaza, watatoa maji, watauza tenki, na wataiambia ofisi nzima kwamba samaki wa mapambo ni utapeli. Huyo alikuwa ananunua kwako chakula kila mwezi, anabadilisha sponji ya filta, anaongeza samaki sikukuu zikifika. Mapato yake ya mwaka mzima umeyabadilisha na 8,000.

Kuna dada mmoja alikuja dukani kwangu na picha kwenye simu. Alinunua pafa watatu kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni, akaambiwa wanakula chakula kile kile cha vipande vikavu. Wawili walishakufa. Wa tatu tumbo limeingia ndani, mgongo umechongoka, anakaa kwenye kona. Alikuwa anataka dawa. Nikamwuliza anamlisha nini, akanionyesha kopo. Kopo limejaa, na chini ya tenki chakula kimeoza. Samaki wake hakuwa na ugonjwa wa kumnunulia dawa, alikuwa na njaa. Nilimpa konokono wadogo wachache, nikamwelekeza minyoo ya kugandisha. Lakini neno lake ndilo lililonibakia: "Niliuliza kabisa anakula nini, nikajibiwa anakula chochote."

Aliuliza. Kwa hiyo tusiseme wateja hawaulizi.

MASWALI YA KUMUULIZA MTEJA

Mimi nauliza haya kabla ya kutaja bei:

1. Tenki lako lina lita ngapi, na ndani kuna nani?
Kwa pafa mmoja anayeishi peke yake, chini ya lita 20 sikuuzii. Akitaka kundi la watano au sita, tenki liwe lita 75 kwenda juu, lijae majani, mizizi na mawe, ili asiyetaka ugomvi apate pa kujificha. Madume yawe machache kuliko majike. Dume aliyekomaa mara nyingi ana mstari mweusi tumboni na mikunjo nyuma ya jicho, jike ni wa duara zaidi. Wakiwa wadogo ni vigumu kuwatofautisha, kwa hiyo usimuahidi mteja jinsia usiyoijua. Kama tenki lina gapi, beta au goldifishi, jibu langu ni hapana.

2. Tenki limewashwa lini?
Tenki jipya linahitaji muda wa kujenga bakteria wanaobadilisha uchafu wa samaki. Samaki anatoa amonia, bakteria wanaigeuza kuwa naitraiti, wengine wanaigeuza kuwa naitreti ambayo haina makali kama hizo mbili, unaipunguza kwa kubadilisha maji. Hiyo inachukua kama wiki nne mpaka sita. Pafa ni mwepesi sana kufa kwenye amonia. Mteja akisema "nimenunua tenki jana", mwandikie oda, mwambie arudi mwezi ujao. Wengi wanarudi, na wakirudi wanakuamini.

3. Utamlisha nini, na utampata wapi kila wiki?
Pafa wengi hawagusi chakula kikavu. Wanataka konokono wadogo, minyoo myekundu ya kugandisha, dafnia, viluwiluwi vya mbu. Mteja asiye na friji wala pa kufugia konokono, ajue mapema kwamba itakuwa shida.

4. Nani atabadilisha maji?
Huyu anakula nyama na anaacha mabaki, kwa hiyo maji yanachafuka haraka. Sehemu ya robo kila wiki inatosha kwa tenki lililotulia. Maji ya bomba yenye klorini yatibiwe kwa dawa ya kuondoa klorini kabla ya kuingia. Maji yaliyojazwa leo yasitofautiane sana joto na yaliyomo.

Maswali manne, dakika tano za kuchati. Ukiyaandika mara moja ukayahifadhi kwenye simu, unamtumia kila anayekuja.

HELA IKO WAPI SASA

Hapa nataka wauzaji wenzangu mnisikilize, maana mtu anaweza kudhani nawaambia mfunge biashara. Pafa akiuzwa vizuri anakuingizia zaidi ya pafa anayeuzwa kiholela.

Mteja anayemtaka kweli anahitaji tenki lake peke yake, filta ya sponji inayopuliza taratibu, majani, chakula cha kugandisha na konokono. Hao konokono wadogo wanaozaliana kwenye tenki zetu, tunaowalalamikia kila siku na kuwatupa, ndiyo chakula chake. Weka ndoo moja pembeni, maji safi, kipande cha tango au jani la mchicha lililochemshwa, wanazaliana wenyewe. Pakiti ndogo kila wiki kwa mteja mmoja ni hela ndogo, lakini ni ya kila wiki, na anayekuja kwa konokono haondoki bila kuangalia kingine. Ganda gumu la konokono pia linasaga meno ya pafa, maana meno ya jamii hii hayaachi kukua.

Ila angalizo, na hili ni la afya ya watu. Usiokote konokono mtaroni, bwawani au mtoni ukauza. Kuna konokono wa maji baridi wanaobeba vimelea vya kichocho, na mmoja wa hao ana ganda bapa lililojiviringisha kama wale wale wa kwenye tenki zetu. Mtu akitumbukiza mkono kwenye maji yenye vimelea anaambukizwa kupitia ngozi. Anza na konokono uliowatoa kwa mfugaji unayemjua, uwazalishe mwenyewe. Viluwiluwi vya mbu nao, ukifuga kwenye ndoo wazi unawafugia majirani mbu. Kama huwezi kuvilisha vyote kabla havijaota mabawa, acha.

ACHENI VIDEO ZA KUMVIMBISHA

Hili linanikera. Muuzaji anamtoa pafa majini kwa neti, anamshika kidoleni, anavimba, video inapata watazamaji. Wadau, kuvimba ni hofu. Anafanya hivyo akiona anakufa. Akiwa nje ya maji anameza hewa, na hewa akishindwa kuitoa anaelea juu tumbo wazi, anaweza kufa. Ukimhamisha, tumia kikombe ndani ya maji. Ukitaka video, mrekodi akimvizia konokono. Anazunguka, anapima, macho yanageuka, halafu anadonoa. Hiyo video inauza, na inamwambia mteja ukweli kwamba huyu ni mwindaji.

JUA UNAYEMUUZA NI NANI

Jina "pafa mdogo" limekuwa gunia, na mteja anauziwa mbuzi humo humo. Kuna pafa wa kijani mwenye madoa meusi ya duara mgongoni, dukani anaweza kuwa na ukubwa wa kidole gumba, lakini anafika sentimita 15 na akikomaa anataka maji yenye chumvi kiasi. Huyo naye ni mkali. Ukimweka kwenye maji baridi moja kwa moja, anadhoofika taratibu na mteja hajui kwa nini.

Na msidhani pafa ni wa kigeni tu. Ziwa Tanganyika lina pafa wake, jina la kitaalamu Tetraodon mbu, anapatikana pia bonde la mto Kongo. Akiwa mdogo anavutia, akikua anapita sentimita 60. Ukimuuzia mtu wa chumba na sebule, umemuuzia mzigo.

Kwa hiyo kama msambazaji wako hawezi kukuambia jina kamili la samaki, usinunue. Muulize pia katoka wapi. Pafa kibete wengi wanaoingia sokoni walivuliwa mitoni huko Kerala, na shirika la uhifadhi la IUCN limemweka kwenye kundi la viumbe walio hatarini, kwa sababu ya uvuvi wa biashara ya samaki wa mapambo na kuharibika kwa mito. Wapo wanaozalishwa kwenye tenki, na mteja makini yuko tayari kuongeza hela kidogo kwa ajili yao. Wa mtoni mara nyingi wanafika wamekonda na wana minyoo tumboni, na kwa kuwa ngozi yao haina magamba kama ya samaki wengine, baadhi ya dawa zinawadhuru. Wakifika, wakae kwako wiki mbili tatu wakila vizuri kabla hujawatangaza. Nao, kama samaki wengine hai wa kutoka nje, waingie na vibali vyao.

Mteja akichoka naye, mwambie amrudishe kwako. Asimwage mtoni wala kwenye bwawa. Samaki wa India hana kazi kwenye mito yetu.

USAFIRISHAJI

Kila pafa mfuko wake, maana wakiwekwa pamoja wanang'atana njiani. Weka mifuko miwili mmoja ndani ya mwingine, theluthi moja maji, iliyobaki hewa. Usimlishe siku ya kusafiri, asije akachafua maji mfukoni. Weka kwenye boksi lililofungwa, giza linamtuliza. Bodaboda aende asubuhi au jioni, jua la saa saba linamchemsha samaki ndani ya mfuko. Akifika, mteja auweke mfuko juu ya maji ya tenki kama dakika 15 joto lilingane, aongeze maji ya tenki kidogo kidogo, ndipo amwachie. Haya mtumie kwa sauti au maandishi kabla mzigo haujafika, usisubiri akuulize.

MANENO YA KUPOSTI

Wengine mnasema "nikiandika ukweli nitafukuza wateja". Mimi naandika hivi, chukueni mkitaka: "Pafa kibete. Mdogo, mkali, anakaa tenki lake peke yake. Anakula konokono na minyoo, hali chakula kikavu. Hafai kuchanganywa na gapi, beta wala goldifishi. Una tenki la lita 20 lililokomaa? Njoo tuongee."

Wanaouliza wanapungua, ni kweli. Lakini wanaobaki wananunua bila kubishana bei saa nzima, na usiku hawakutumii picha ya samaki aliyekufa. Mimi nikipiga hesabu ya muda na ya malalamiko, hapo nimepata. Na yule niliyemkatalia pafa nikamuuzia gapi watano wenye afya, leo ananiletea wenzake.

Sisi hatuna majengo makubwa wala matangazo ya redioni. Tuna jina tu, na jina lenyewe liko kwenye simu za watu. Mteja akishasema "yule aliniambia ukweli akakosa kuniuzia", hiyo huwezi kuinunua kwa tangazo lolote.

Haya, niambieni. Wewe unayeuza samaki, unauliza maswali gani kabla ya kuuza? Na wewe unayeuza kitu kingine, bidhaa gani kwako ni "pafa", yaani nzuri kwenye picha lakini si ya kila mteja? Andika hapa tujifunze pamoja.